Gharama ya Sauti na Picha

Mtu aliyepata elimu kidogo hupenda kudhani kuwa kila jambo lenye bei laweza kulinganishwa kwa daftari na kalamu. Mimi nalikuwa mmoja wa watu hao. Mwezi wa Juni 2022, nikiwa likizoni kutoka Dar es Salaam ninakofundisha, naliketi katika nyumba ya mama yangu wilayani Mbulu, upande wa Dongobesh, nikapiga safu tatu katika daftari: televisheni, simu, intaneti. Nalitaka kujua ni ipi katika huduma ziuzwazo mijini ingeifaa nyumba ile, na kwa gharama gani. Umeme ulikuwa umefika mwaka uliotangulia kwa ada ya shilingi 27,000 itozwayo vijijini, na kwa maoni yangu hapakuwa tena na udhuru wa kukaa kimya na gizani. Mama alikuwa akipepeta maharage mlangoni. Hakujibu neno.

Nianze na televisheni, kwa kuwa ndiyo iliyokula wino mwingi. Waliozaliwa karibuni aghalabu hawajui kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1974, na Tanzania Bara ikakaa miaka ishirini mizima ikiisikia kwa mbali, hata 1994. Siku zile za kwanza mwenye seti na eriali alitazama bila kuulizwa ada. Mitambo ya zamani ikaanza kuzimwa Desemba 31, 2012, mji wa Dar es Salaam ukitangulia, na seti za zamani zisizo na king'amuzi zikawa meza za kuwekea vitambaa. King'amuzi nacho kina njia mbili za kupokea. Ya kwanza ni eriali, nayo ni nafuu. Lakini mawimbi yake husafiri moja kwa moja kama macho yaonavyo, na Mbulu ni nchi ya migongo. Watu wa tambarare hawawezi kulifahamu jambo hili. Kwetu mnara ulio nyuma ya kilima kimoja ni sawa na ulio ng'ambo ya bahari. Njia ya pili ni dishi, nalo halijali vilima, maana hutazama setilaiti zilizo juu ya ikweta kwa zaidi ya kilomita 35,000. Jirani zetu wawili walikuwa na madishi: moja la Azam, lililoelekea magharibi, la pili la DStv, lililolala karibu chali, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, takribani utosini petu. Watoto wa kijiji walidhani fundi mmoja amekosea, wakawa wakibishana ni yupi.

Basi nikaandika. Dishi, king'amuzi na ujira wa fundi, shilingi 130,000. Seti ndogo, 280,000. Kifurushi cha chini, 12,000 kwa mwezi. Chenye mpira wa maana, 28,000. Umeme haukuwa kitu: seti ya wati 40 ikiwaka saa nne kila siku hutumia yuniti tano hivi kwa mwezi, na mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi. Nalistaajabu kuona kuwa kuiwasha televisheni ni rahisi kuliko kuipata picha ya kuweka ndani yake.

Safu ya intaneti ilikuwa fupi, kwa sababu waya wa nyuzi za kioo uliopita mijini haukuwa na habari na boma letu. Intaneti ya huko ni ile ya simu. Mwaka huo bei elekezi ya megabaiti moja ndani ya kifurushi ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Gigabaiti moja, ambayo ni megabaiti 1,024, ilikuwa basi kati ya shilingi 2,079 na 9,574. Mpira wa dakika 90, ukitazamwa simuni kwa picha ya wastani, hula gigabaiti moja pasipo haya. Nikapiga hesabu: mechi sita kwa bei ya chini kabisa zinapita ada ya mwezi ya kifurushi kile cha elfu kumi na mbili. Naliifurahia hesabu hii kupita kiasi, nikaipigia mstari mara mbili. Haikunijia akilini kwamba mama yangu hajapata kutazama mechi moja.

Hata hivyo nalimsomea. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Hiyo elfu kumi na mbili, nisipotazama, inaningoja?"

Nikamwambia haingoji, siku huanza kuhesabiwa pale fedha inapolipwa.

"Hata nikienda shamba wiki mbili?"

"Hata ukienda, Mama."

"Wao wanahesabu kwa mwezi," akasema. "Mimi nina mwezi gani, mwanangu?"

Nalicheka, lakini swali lile lilikuwa na uzito kuliko daftari langu lote. Mwezi ni kipimo cha mwenye mshahara. Mkulima wa Mbulu huuza maharage na kitunguu saumu mara moja kwa mwaka, mbili Mungu akijalia, na fedha yake huja kwa fungu, hukaa, hupungua. Ada iendayo kwa mwezi, kwa wiki, na siku hizi kwa siku na hata kwa saa, imeshonwa kwa mwili mwingine. Mamlaka ya Mawasiliano ilipoweka kanuni mpya za vifurushi mwaka 2021, na bei mpya zikatangazwa Aprili, malalamiko yalikuwa makubwa hata zikasimamishwa. Lakini katika kelele zile za bei, sikumsikia mtu akiuliza juu ya kalenda.

Sasa simu. Hapa ndipo nilipojiona mjuzi kabisa. Mama alikuwa na simu ndogo, kitochi, yenye nafasi ya laini mbili. Laini ya kwanza ilishika vizuri uani, karibu na ghala. Ya pili, aliyoinunua mwaka 2009, haikushika nyumbani hata kidogo. Ilimlazimu kupanda mgongo ulio nyuma ya shamba, mwendo wa dakika ishirini, ambako siku ya anga safi Mlima Hanang huonekana kusini umesimama peke yake. Sababu ya kuwa na laini mbili ilikuwa dada yangu, aliyeolewa Katesh, chini ya mlima ule. Yeye alitumia kampuni ya laini ile ya pili, na zamani kupiga simu kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikuwa ni kujitia umaskini. Kabla ya Machi 2013 kampuni moja iliilipa nyingine shilingi 112 kwa kila dakika ya kupokelewa mwito wake. Mwaka huo ikashushwa hadi 34.92, mwaka 2018 hadi 15.60, na kufika 2022 ilikuwa shilingi 2. Ndiyo maana kizazi kile kilitembea na laini tatu mfukoni. Lakini kufika 2022 sababu ilikuwa imekufa. Vifurushi vya mitandao yote vilikuwa vimejaa sokoni, na laini ya mgongoni ilikuwa haina kazi.

Hata hivyo mama aliitia vocha ya shilingi 500 kila mwezi ili isifungwe. Shilingi 6,000 kwa mwaka, ukiacha miguu. Katika daftari, mkabala na tarakimu hiyo, naliandika neno moja: hasara. Nikamletea laini mpya iliyoshika uani na yenye kifurushi cha intaneti, nikamwomba aitoe ile ya zamani. Naam, tangu 2017 mtu aweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake. Sikulifikiria jambo hilo, maana sikuona thamani yoyote katika namba. Mama aliipokea laini mpya kwa shukrani, akaifunga katika kitambaa, akaiweka kabatini. Ya zamani hakuitoa. "Namba hii inajulikana," alisema. Nikarudi Dar es Salaam nikiwa nimenunua dishi na seti, na nimelipa miezi mitatu, nikijiona mwana mwema.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Waliofariki walizidi 80. Mimi nalikuwa Dar es Salaam, nina kifurushi kikubwa cha intaneti na televisheni ukutani. Nilipata picha kutoka pande zote. Naliona soko la Katesh limefunikwa, naliona magari yamepinduliwa, naliweza kuikuza picha nikatafuta paa la nyumba ya dada yangu. Sauti yake sikuipata. Simu yake iliita mara moja, kisha haikuita tena. Nalimpigia mama kwa laini ya uani. Iliita bila kupokelewa, kisha nayo ikawa haipatikani.

Yaliyotokea huko nalielezwa baadaye. Mama aliisikia habari katika redio yake ya betri, chombo ambacho sikukitia katika safu yoyote. Akachukua kitochi, akaenda mgongoni. Wingu lilikuwa limeufunika Hanang na hapakuwa na cha kuona. Alikaa pale tangu saa tatu, khanga kichwani, mvua ikipita na kurudi. Saa nane mchana simu ililia kwa namba ngeni. Alikuwa dada yangu. Alikuwa hai pamoja na wanawe wawili. Nyumba na simu vilikuwa vimekwenda na tope. Mtu mmoja alimwazima simu yake, akamwambia apige, na katika kichwa chake mlikuwa na namba moja tu aliyoishika kwa moyo, kwa sababu haikubadilika kwa miaka kumi na minne. Yangu hakuijua. Nilikuwa nimekwisha badilisha laini mara tatu, kila mara kwa kufuata kifurushi cha bei nafuu.

Nalipofika nyumbani siku tatu kabla ya Krismasi, nalikuta televisheni imefunikwa kitambaa. Ada ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa Septemba mwaka uliopita, na hakuna aliyenidai. Dada yangu na watoto walilala chumba cha mbele. Daftari lilikuwa palepale rafuni, na mama, asiyesoma kwa haraka lakini husoma, alikuwa amelifungua kabla yangu. Aliweka kidole juu ya neno lile. Hakuwa na hasira.

"Hii," akaniuliza, "uliandika kwa sababu gani?"

Nikamweleza habari ya shilingi 112 na shilingi 2, jinsi bei ilivyoshuka na sababu ilivyokufa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniomba namba yangu, niliyokuwa nayo wakati huo, akamwita mjukuu wake mkubwa, mtoto wa miaka tisa, akamfundisha kuitamka tarakimu moja moja hata akaiweza bila kutazama. Namba hiyo ningali ninayo.

Januari, alipouza maharage, mama alilipia televisheni mwezi mmoja kwa fedha yake, kwa ajili ya watoto, waliotaka kuiona Taifa Stars katika fainali za Afrika kule Ivory Coast. Timu ilitolewa hatua ya makundi. Watoto wakarudi kucheza nje, na siku zilizosalia za mwezi ule mama alizitazama zote, hata zile chaneli za lugha asiyoijua, kwa sababu zilikuwa zimekwisha lipiwa.