Jino lililovunjika: kijiti kiingie mpaka wapi?

Katika Goma na Bukavu, hata kati ya familia zilizokimbia vita, jino likivunjika karibu na ufizi wengi husema neno moja tu: ling'olewe. Kumbe mara nyingi mzizi ungali mzima. Muganga wa meno anaweza kutoa nyama iliyooza ndani, kusafisha mfereji wa mzizi na kuujaza dawa ya kuziba. Kama juu hakukubaki jino la kutosha, anaingiza ndani kijiti cha nyuzi za kioo, yaani fiba, ili kishike sehemu mpya.

Hapo linazuka swali la urefu. Fundi wa nyumba anajua kwamba nguzo ikifukiwa chini sana haiyumbi. Katika jino mambo ni tofauti. Kule mwisho wa mzizi lazima zibaki milimita 4 au 5 za dawa. Zikipungua, vidudu vinapata njia ya kufika kwenye mfupa, na jipu linarudi.

Tuchukue jino kubwa la mbele, la juu. Mzizi wake huwa na milimita 13 hivi. Ondoa 5 za dawa, zinabaki 8. Kichwa cha jino peke yake ni kama 10. Kanuni ya zamani ilitaka kijiti ndani ya mzizi kilingane na kichwa, hapa haiwezekani. Muganga mwangalifu analinda dawa kwanza, na anakubali kijiti kifupi. Fiba hushikwa kwa gundi, kwa hiyo inavumilia ufupi kuliko chuma. Kuchimba kupita kiasi kunapunguza unene wa mzizi, na mzizi ukipasuka, kwa kawaida jino limepotea.

Tena kijiti hakilipi jino nguvu. Nguvu inatoka kwenye ukingo wa jino zima uliobaki juu ya ufizi: milimita 2 kuzunguka, ambazo kofia ya jino itazikumbatia.

Ndiyo maana kungoja kuna bei yake. Familia inayohama haijui italala wapi juma lijalo. Jino lililozibwa kwa muda tu hupitisha mate, mate hubeba vidudu, na uozo unakula ule ukingo. Mwenye safari aombe vitu viwili: picha ya radio, hata ndani ya simu, na karatasi inayoonyesha kazi imefika wapi. Muganga wa mji mwingine atapima kwa hiyo picha. Bila picha, anayechimba anabahatisha.

Na anayeambiwa ling'olewe ana haki ya kuuliza: mzizi una urefu gani, na juu ya ufizi kumebaki nini? Kama hakuna kilichobaki, kung'oa si aibu. Kama kipo, aulize tena kabla ya kufungua kinywa.