Wanamuziki Wanne wa Rockford

Bendi za vijana zina desturi ya kufa mapema. Huanza watu wanne au watano wakiwa bado shuleni, wakapata jina mtaani, kisha mmoja huoa, mwingine hugombana na wenzake juu ya fedha, na vyombo huuzwa. Katika muziki uitwao pawapopu jambo hili limekuwa kama ugonjwa wa ukoo. Jina hilo alilitoa Pete Townshend wa bendi ya The Who ya Uingereza mwaka 1967, akieleza muziki wao: nyimbo fupi na tamu ambazo kila mtu aweza kuziimba, lakini gitaa likinguruma na dramu zikipigwa kwa nguvu zote. Raspberries wa Cleveland hawakupita mwaka 1975. Big Star wa Memphis, ambao wajuzi huwasifu mno, walitawanyika karibu wakati ule ule. Basi nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari za bendi moja ya namna hiyo iliyokataa kufa. Jina lake ni Cheap Trick, nayo ilitoka katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, Marekani.

Mimi niliwajua kwa sababu ya mjomba. Alikuwa baharia, na mwaka 1979 meli yao ilipotia nanga Yokohama alinunua santuri yao moja, akaja nayo Tanga. Ina mikwaruzo mingi lakini bado inalia. Baba haipendi. Yeye husema kwamba muziki si kazi bali ni mchezo wa watu waliokosa kazi, na tangu nilipochaguliwa kupiga gitaa la besi katika bendi ya shule amelirudia neno hilo kila likizo. Siwezi kubishana na mzazi wangu. Nimeona afadhali nitafute habari za watu hawa nione kama kweli walikuwa wakicheza tu.

Rick Nielsen, mpiga gitaa na mtungaji wa nyimbo nyingi, alikuwa mtoto wa mwimbaji wa opera aliyekuwa na duka la vyombo vya muziki pale Rockford. Yeye na Tom Petersson, mpiga besi, walitoa santuri ya kwanza mwaka 1970 wakiwa katika bendi nyingine iliyoitwa Fuse. Haikuuzwa. Wakaanza tena pamoja na mpiga dramu Bun E. Carlos, na mwaka 1974 akaingia mwimbaji Robin Zander. Kwa miaka kadhaa walipiga karibu kila usiku katika vilabu na mabaa ya majimbo ya kati ya Marekani. Jack Douglas, msimamizi wa santuri yao ya kwanza, aliwakuta katika jumba la mchezo wa kuangusha vigingi kwa tufe huko Waukesha, Wisconsin. Hebu fikirini kuimba huku tufe zinabingirika na vigingi vinaanguka! Santuri hiyo ilitoka mwaka 1977.

Hapa naomba ruhusa niseme kidogo juu ya besi, maana ndiyo kazi yangu. Besi ya kawaida ina nyuzi 4. Petersson aliwataka mafundi wamtengenezee yenye nyuzi 12, yaani kila uzi mnene ufuatane na nyuzi mbili nyembamba za noti ile ile, lakini juu zaidi kwa okteva moja. Sababu yake ni rahisi. Bendi ilikuwa na mpiga gitaa mmoja tu, na alipoanza kupiga peke yake nyimbo ilibaki tupu chini yake. Besi ile ikaziba pengo, ikawa kama gitaa na kinanda kwa wakati mmoja. Nimejaribu kuwaza vidole vyake vilivyouma. Sisi hapa shuleni tunalia kwa nyuzi 4, tena moja imefungwa kwa waya wa baiskeli.

Walikuwa na vituko vyao pia. Zander na Petersson walikuwa vijana wa sura nzuri, lakini Nielsen alivaa kofia na tai ndogo kama mchekeshaji, na Carlos, kwa miwani yake na shati jeupe, alifanana na karani wa posta. Katika santuri yao ya pili wale wazuri wapo mbele, kwa rangi, juu ya pikipiki kubwa. Wale wawili wengine wamewekwa nyuma, picha nyeusi na nyeupe, juu ya vijipikipiki kama baiskeli.

Kwao Marekani santuri tatu za kwanza hazikufika hata katika arobaini bora. Lakini Japani magazeti ya muziki yalikuwa yamekwisha kuwaandika, na vijana wa kule waliwapenda kupita kiasi. Tarehe 28 na 30 Aprili, 1978, walipiga Tokyo katika jumba la Budokan, lililojengwa kwa mashindano ya judo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Walirekodiwa, na santuri ikatolewa kwa watu wa Japani peke yao. Hiyo ndiyo aliyoinunua mjomba. Wamarekani wakaanza kuiagiza kwa wingi, hata kampuni ikalazimika kuitoa Marekani mwaka 1979, nayo ikafika nafasi ya 4. Nyimbo moja ndani yake, I Want You to Want Me, ilikuwa imeshindwa kabisa Marekani ilipotolewa mwaka 1977. Watu ni wale wale, maneno ni yale yale. Safari hii ilipigwa kwa kasi zaidi, na wasichana wa Tokyo wakaitikia kwa kelele, ikafika nafasi ya 7. Mjomba husema kelele zile ni chombo cha tano, nami nakubaliana naye.

Yaliyofuata hayakuwa mema. Petersson aliondoka mwaka 1980, na santuri zilizofuata hazikuuzwa kama zamani. Aliporudi mwaka 1987, kampuni iliwataka waimbe nyimbo zilizotungwa na watu wengine. Kwa mtungaji kama Nielsen ilikuwa kumeza shubiri. Waliimba. The Flame ikashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1988, nafasi ambayo hakuna nyimbo aliyoitunga yeye iliyowahi kuipata. Wako wanaowalaumu kwa hilo. Mimi siwalaumu; walikuwa na nyumba za kulisha.

Tarehe 17 Julai, 2011, huko Ottawa, Kanada, upepo mkali uliangusha paa la jukwaa wakiwa wanapiga. Lori lao lililoegeshwa nyuma lililizuia kidogo, wakapata nafasi ya kukimbia. Mwaka ule ule waliendelea na safari.

Jambo lisilonipendeza ni la mpiga dramu. Mwaka 2010 Carlos aliachwa nyumbani, na nafasi yake akapewa Daxx, mtoto wa Nielsen. Mwaka 2013 Carlos aliwapeleka wenzake mahakamani, wakapatana mwaka 2015: amebaki mmoja wao kwa jina, lakini hasafiri nao wala harekodi nao. Daxx ni hodari, sikatai. Lakini mtu aliyepiga nanyi usiku kucha tangu enzi za vigingi haondolewi hivyo. Nilifurahi kusoma kwamba tarehe 8 Aprili, 2016, walipoingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, Carlos aliketi tena kwenye dramu zake, wakapiga wote wanne. Mwaka 2021 bendi ilitoa santuri nyingine, bila yeye.

Habari hizi nilimsomea baba likizo iliyopita. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule karani alilipwa haki yake. Nikamjibu kwamba walipatana. Akasema, "Basi hiyo ni kazi, maana ina kesi." Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

Sisi nasi tunalo shauri letu. Mpiga dramu wetu anamaliza Kidato cha Sita muhula ujao, na wako wanaotaka aondolewe sasa ili mtoto wa Kidato cha Pili apate kuzoea. Mkutano wa bendi ni Ijumaa saa kumi, chumba cha jiografia. Mimi nitasema abaki mpaka siku yake ya mwisho, na yule mdogo aketi kando yake ajifunze.