Ndoana ya Shilingi Mia Mbili

Ndugu msomaji, cheka, lakini usome mpaka mwisho. Mimi ni yule kijana aliyenunua fimbo ya kuvulia samaki katika mji usio na ziwa.

Mji wenyewe ni Tunduma. Hapa utaona malori yamepanga foleni kusubiri kuingia Zambia, utaona wabadilisha fedha, wapiga debe na kila aina ya bidhaa. Maji ya kuvulia hutayaona. Mimi nilizaliwa Mkoa wa Mbeya nikakulia Mkoa wa Songwe bila kuhama nyumba, maana mkoa wetu ulimegwa mwaka 2016. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kusomwa kwa sauti ya chini.

Mama alinipa shilingi elfu themanini nikajiandikishe kurudia mtihani. Ilikuwa hela ya vitumbua, noti zinanukia mafuta. Njiani nikakutana na mchuuzi wa mitumba kashika fimbo nyeusi inayong'aa, ina kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na pembeni kisanduku cha visamaki vya plastiki vyenye rangi kama peremende. Mimi, si unajua, ni mtu wa riwaya. Papo hapo nikajiona nimekaa ukingoni, asubuhi navua, jioni naandika. Mjomba wangu anaishi Kamsamba, kwenye Mto Momba. Nikapiga hesabu: nitavua, nitauza, hela ya mama itarudi kabla siku za kujiandikisha hazijaisha. Mchuuzi akataja elfu hamsini. Hata bei sikuomba apunguze.

Mama nilimwambia nakwenda kumsalimia mjomba. Nikapanda gari hadi Mlowo, nikaunga jingine. Ukitoka kwenye baridi ya Tunduma ukateremka bonde la Rukwa, joto linakupiga kama mtu amefunua sufuria usoni pako.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba," alijibu, maana sisi huitana hivyo hivyo. Akaitazama fimbo. Akaitazama tena. Akanikaribisha ugali.

Siku tatu nilirusha visamaki vyangu vya plastiki katikati ya mto. Cha kwanza kilinasa kwenye gogo, kikabaki huko. Cha pili kilipaa juu ya mti. Mshipi ukajifunga ndani ya kigurudumu kama nywele zisizochanwa, na siku ya tatu jino la kigurudumu likakatika. Hatua chache kutoka kwangu, mtoto wa darasa la nne alikuwa akivuta perege kwa ufito wa mwanzi, halafu ananitazama kwa huruma. Huruma ya mtoto, jamani, inauma kuliko matusi.

Jioni ile ndipo mjomba aliponiuliza, "Hela ya hiyo fimbo umeipata wapi?"

Nikamwambia ukweli. Hakunifokea. Alinyamaza mpaka nikatamani anifokee.

"Hiyo ni fimbo ya mtu mwenye boti na maji mapana," akasema mwisho. "Perege wako yuko pale kwenye matete, hatua nne. Sasa unarusha mbali kote kule, unamtafuta nani?"

Asubuhi tukaenda dukani na kila kitu kilichonunuliwa hakikufika elfu tano. Nakuandikia hapa kama nilivyofundishwa, huenda na wewe una mjomba karibu na maji.

Kwanza, ufito. Chagua mwanzi uliokauka wenyewe, mrefu kukuzidi karibu mara mbili. Mbichi ni mzito na ukishapinda haurudi. Urefu una sababu nyingine: mito yetu ina mamba, na mwenye ufito mrefu hana haja ya kusimama ndani ya maji.

Pili, mshipi wa nailoni, usizidi sana urefu wa ufito. Ukiwa mrefu mno utavua matawi. Ufunge kwenye ncha, na kabla ya kukaza fundo lilowanishe kwa mate. Nailoni ikisuguana kavu hupata moto, na fundo lililopata moto hukatika siku samaki mkubwa amekuja.

Tatu, ndoana. Namba zake zimekaa kinyume: namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo. Perege ana mdomo mdogo, mpe ndoana ndogo. Kambale ana domo, mpe kubwa. Nilinunua sita, mia mbili mia mbili. Kabla ya kuivulia, iburuze ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza ni butu, inoe kwenye jiwe. Iking'ang'ania, inafaa.

Nne, vitu vya bure. Chubwi ilikuwa nati ndogo ya baiskeli. Boya, kipande cha ndala iliyokufa. Chambo ni nyungunyungu wa kuchimba penye unyevu, na kwa kambale utumbo wa kuku, kwa sababu yeye huwinda kwa harufu usiku na kwenye maji ya matope.

La tano si kifaa. Ukitaka kuuza, muulize kwanza ofisa uvuvi habari za leseni. Na akija mtu kukufundisha njia ya mkato ya sumu au baruti, mkimbie. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imezikataza, na sumu haichagui samaki mkubwa na kifaranga.

Siku ile nilivua perege watatu, mdogo kama kiganja. Nilipiga kelele mpaka yule mtoto akacheka.

Lakini usidhani nilitajirika. Wiki mbili za kuvua, kubanika na kuuza zilinipa elfu ishirini na mbili. Siku za kujiandikisha zikaisha nikiwa mtoni. Nilirudi Tunduma na kambale wa moshi kwenye mfuko na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilipomwona mama kwenye karai lake, maneno yote yakapotea. Nikasema tu: nilinunua fimbo.

Mama alizihesabu zile noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga.

"Bado elfu hamsini na nane," akasema. "Kesho utaamka saa kumi, unikorogee unga."

Mwaka mzima nimekoroga unga. Deni limekwisha mwezi uliopita na nimejiandikisha, safari hii risiti nimemletea mkononi.

Na riwaya? Miaka miwili nilikuwa nawaambia washikaji kijiweni kwamba nitaianza nikipata kompyuta. Baada ya Kamsamba nikanunua daftari la kaunta na kalamu mbili za wino. Naandika baada ya vitumbua kuisha, nimekaa juu ya ndoo. Nimefika ukurasa wa sitini na moja. Kurasa nyingine ni mbovu, nazijua.

Fimbo nyeusi bado iko nyuma ya mlango. Mama anaitumia kutundikia khanga.