Mitambo ya Saileji Niliyoihudumia Njoro

Mimi ni mtu wa pwani, mzaliwa wa Mombasa, walakini sehemu kubwa ya umri wangu nimeipitisha katika nyanda za juu za Njoro na Molo nikiwa fundi wa matrekta, na katika kazi zote zilizopita mikononi mwangu hapana iliyonishughulisha akili kama ya kutengeneza saileji: malisho mabichi yanayokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa yasipate hewa, ili ng'ombe wapate kitu chenye maji na ladha katika miezi ya kiangazi, wakati nyasi zimekauka na ndoo ya maziwa haijai. Nimeiona mitambo ya kazi hiyo ikibadilika zama baada ya zama, na jambo linalonistaajabisha hata leo ni kwamba kwetu haikuzidi kukua kama ilivyokua Ulaya; ilipungua kimo mpaka ikaingia katika ua wa mjane mwenye ng'ombe wawili.

Nilipofika Njoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalikuwa bado mapana, na maziwa yao yalikwenda KCC, ile jumuiya ya wafugaji iliyoasisiwa mwaka 1925. Trekta nililolizoea kwanza lilikuwa Ferguson la rangi ya kijivu, lile TE20 lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, zaidi ya 500,000 kwa jumla. Lilikuwa jepesi, tani moja na kidogo, na nguvu zake hazikufika za farasi 30. Lakini lilikuwa na ile mikono mitatu ya nyuma aliyoibuni Harry Ferguson, inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, ambayo kwayo dereva aliweza kuinua plau na kuishusha bila kuondoka kitini. Mdogo wake, Massey Ferguson 35, ndilo lililokokota mashine ya kukatia malisho: sanduku la bati nzito lenye mhimili uliolala, na katika mhimili huo vilining'inia visu vya chuma vilivyopata mwendo wao kutoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta, nayo ilizunguka mara 540 kwa dakika. Visu hivyo viliyachapa majani yangali yamesimama, vikayapasua na kuyarusha kupitia bomba refu lililopinda hadi ndani ya tela. Ekari za malisho ambazo vibarua wenye mapanga na mikokoteni ya maksai walizihangaikia juma zima, mashine hiyo ilizifyeka na kuzipakia kwa muda mfupi mno.

Hata hivyo kukata hakukuwa ndiyo roho ya kazi. Roho yake ilikuwa shimoni, katika handaki refu lililochimbwa ubavuni mwa kilima, mahali ambapo tela lilimwaga mzigo wake, vibarua wakautandaza kwa uma tabaka jembamba juu ya tabaka, na lile Ferguson jepesi likapita juu yake mbele na nyuma, mbele na nyuma, tangu asubuhi hata magharibi, likiitoa hewa iliyojificha kati ya majani. Nyapara wetu, mzee wa Kikalenjin ambaye hakuwahi kuingia darasani, aliniona siku za mwanzo nikiliendesha kwa haraka, akanisimamisha kwa mkono.

"Kijana wa Mombasa," akaniambia, "usilitazame trekta linavyokwenda. Tazama gurudumu linavyozama."

Maadamu gurudumu linazama, alisema, hewa ingalimo. Likipita bila kuacha alama ya maana, tabaka jingine liletwe. Kisha akachota konzi ya majani yaliyokatwa, akaifumbata kwa nguvu, akaufungua mkono na kunionyesha. Maji yakichuruzika vidoleni, malisho yana maji mno na utamu wake utapotelea ardhini. Konzi ikifumuka papo hapo, yamekauka na hayatashindilika. Lakini ikibaki donge linaloachia polepole, wakati wake ndio huo, na shimo lisilale wazi.

Baadaye, katika vijitabu nilivyoazima kwa mwalimu mmoja wa chuo cha Egerton, kilichoanzishwa papo hapo Njoro mwaka 1939, nilisoma sababu ya yale ambayo mzee aliyajua kwa mkono. Palipokosekana hewa, vijidudu fulani huila sukari ya majani na kuigeuza asidi, ile ile iletayo ukali katika maziwa ya mgando, na asidi hiyo huyazuia malisho yasioze. Palipobaki hewa, majani hupata joto, huwa meusi, na huota ukungu. Nilisoma pia habari za Artturi Virtanen, mwanakemia wa Finland, aliyetunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1945, fauka ya utafiti wake mwingine, kwa njia yake ya kuhifadhi malisho mabichi kwa kuyatia asidi tangu mwanzo. Niliyasoma hayo kwa taadhima, nikazidi kumstahi nyapara.

Kisha ardhi ikagawanywa. Mpango wa kuwapa wananchi makao katika ekari milioni moja za walowezi ulianza mwaka 1962, na baada ya uhuru vyama vya ushirika na makampuni ya wananchi yalinunua mashamba mengine na kuyakata vipande, ekari tano hapa, ekari mbili pale, na warithi wakavikata tena. Lilikuwa jambo la haki, na furaha yake niliiona kwa macho. Lakini mashine zile za visu vya kuning'inia zikakosa pa kugeukia. Nyingi niliziona zimelala nje kwa miaka, majani yakiota kati ya visu vilivyowahi kuyakata, mpaka zikauzwa kwa vyuma chakavu. Huko Ujerumani, mwaka 1973, kampuni ya Claas ilitoa mashine ya kukatia malisho, Jaguar yake ya kwanza iliyojiendesha yenyewe pasi na kukokotwa na trekta. Kwetu mwaka huo mkulima alikuwa amerudia panga.

Palikuwa na jambo jingine, zito kuliko uhaba wa mitambo. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara H611, uzao wa mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, yenye bua refu na jani pana, nayo ni malisho mazuri ajabu kwa saileji. Lakini saileji ya mahindi yataka yakatwe punje zingali laini, maziwa yake yakianza kuganda, ilhali mwenye ekari mbili ana watoto wanaoyangojea mahindi hayo hayo yakauke yaingie ghalani. Niliwasikia maafisa wa kilimo wakimlaumu mkulima kwa ukaidi, na lawama hiyo siikubali. Hakuwa mkaidi, alikuwa akipima chakula cha nyumba yake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kumpimia.

Mlango ulifunguliwa na matete. Mwaka 1980 ulianza mradi wa taifa wa maziwa, kwa msaada wa Uholanzi, uliowafundisha wakulima wadogo kufuga ng'ombe bandani na kuwapelekea majani horini, na matete, ambayo mtu hayali, yakapandwa mipakani na kwenye makinga-maji. Pamoja na matete ikaja mashine ndogo ya kukatakata: gurudumu zito lenye visu viwili au vitatu, mdomo wa kulishia majani, na injini ndogo au mota ya umeme yenye mkanda. Watu wawili huibeba. Kwangu mimi, niliyezoea kulala chali chini ya trekta, kazi ilihamia juu ya benchi.

"Fundi," mama mmoja wa Elburgon alinijia akilalamika, "visu vyangu vinatafuna, havikati."

Shida ya visu vya namna hiyo si makali peke yake. Kisu hupita mbele ya bamba la chuma lisilotikisika, na nafasi iliyo kati yake ndiyo siri yote: fundi hulegeza boliti, huzungusha gurudumu kwa mkono, huingiza karatasi ya daftari kati ya kisu na bamba, husogeza mpaka karatasi ikatwe safi pasi na chuma kugusa chuma, kisha hukaza. Majani yaliyotafunwa huwa marefu na yenye nyuzi, hayashindiliki. Yaliyokatwa kiasi cha inchi moja hulala yakashikamana. Mama yule aliyatia yake katika mfuko mrefu wa nailoni nzito, akayanyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji, kwa kuwa matete hayana sukari ya kutosha, na wanawe wakaingia mfukoni kuyakanyaga kwa miguu, mahali pa Ferguson.

Lakini mashine hizo ndogo zimekula mikono ya watu. Nimewajua waliopoteza vidole wakikisukuma kicha cha majani mdomoni, na aghalabu ni wanawake na vijana, kwa sababu ndio walishao. Mashine nyingi huuzwa bila kifuniko cha mkanda, na mdomo wake ni mfupi hata mkono unavifikia visu. Kuurefusha kwa bati hakuhitaji zaidi ya kuchomelea kidogo, na mimi hukataa kuitoa karakanani mashine yenye mdomo mfupi, hata mwenyewe akinung'unika.

Siku hizi matrekta yanarudi kwa njia nyingine. Kijana hununua mashine ya kukata mstari mmoja wa mahindi, na nyingine ya kufunga saileji kuwa marobota ya mviringo yaliyozungushiwa nailoni, akazikodisha kwa majirani. Yule aliye karibu nami huzunguka kabla ya msimu, akiwasihi wenye vishamba vilivyopakana wapande mbegu moja kwa juma moja, ili trekta liingie mara moja na kupita kwa wote. Na tangu wengine walipoanza kutenga robo ekari ya mahindi ya ng'ombe mbali na ya nyumba, wanaomkubalia wameongezeka. Visu vyake ananiletea mimi.