Sabufa ya Mzee na simu iliyopasuka kioo

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongee muziki.

Mzee wangu yuko Kiomboi, kule Iramba. Macho yake siku hizi yamepungua nguvu sana, kwa hiyo anashinda na redio. Tatizo ni kwamba redio haimwulizi anataka kusikiliza nini. Nikafikiria muziki wa mtandaoni: Boomplay, Spotify iliyoingia Tanzania mwaka 2021, na wenzao. Nikaulizia mjini Singida, muuza duka mmoja akanionyesha spika za WiFi. Jamani, kwa bei ile mshahara wa mwandishi wa mkoani unanyamaza wenyewe.

Sasa sikilizeni. Sabufa zilizojaa kwenye sebule zetu tayari zina amplifaya ndani. Hazihitaji mashine nyingine ya kuzisukuma, zinahitaji kitu cha kuzipa muziki tu. Kitu hicho kilikuwa kabatini kwangu: simu ya zamani, kioo kimepasuka, betri bado inakaa.

Njia ya kwanza ni waya. Upande mmoja una pini ya hedifoni, upande wa pili pini mbili, nyekundu na nyeupe. Mimi niliupata kwa shilingi 3,000. Unachomeka palipoandikwa AUX, sauti ya simu unaipandisha karibu na mwisho, halafu kuongeza na kupunguza unafanyia kwenye sabufa. Ukisikia mngurumo simu ikiwa inachaji, chomoa chaja kwanza kabla hujamlaumu fundi. Mara nyingi unapitia huko.

Kwa Mzee nilichagua Bluetooth, na sababu ni rimoti. Kwa waya, rimoti ya sabufa haiwezi kuiamrisha simu. Kwa Bluetooth, sabufa yake inaweza kuiambia simu isimame, iendelee au iruke wimbo. Nikabandika kipande cha plasta kwenye kitufe cha kucheza, kidole chake kikakijua siku hiyo hiyo.

Bluetooth yenyewe haili bando. Kinachokula ni mtandao, na hapo ndipo pesa inapotokea. Pigeni hesabu: muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula kama MB 43 kwa saa. Saa nne kila siku, mwezi mzima ni GB 5 na ushee. Ukipandisha ubora hadi kilobiti 320, unakaribia GB 17 na nusu. Ni heri kupakua mara moja na kurudia bure. Kwenye Spotify kupakua nyimbo kunataka ulipie, na simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Dada anayekaa na Mzee anawasha hotspoti Jumamosi, anamwuliza anataka zipi, anapakua, anazima. Laini tuliitoa kabisa, ili simu ya mtu isikate kwaya katikati.

Huyu ni mtu ambaye siku hizi anachaguliwa karibu kila kitu: nguo, njia, hata kiti cha kukalia. Sasa wimbo anachagua mwenyewe. Juzi nilimpigia kwenye kitochi chake, akaniambia nisubiri kwanza wimbo uishe. Nikasubiri.

Haya wadau, kabla hamjakopa kwa ajili ya spika za WiFi, fungueni kabati kwanza.