Kaa na Kaa: Fumbo la Kasha la Kongowea

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kukichunguza kitendawili kama mashindano: mmoja hutega, mwenziwe hutegua, na akishindwa hutoa mji. Ipo, hata hivyo, aina nyingine ya fumbo isiyo na mtegaji. Humo wawili wamo ndani ya tatizo moja, na kila mmoja ameshika nusu ya maana. Mfano wake mashuhuri ni mchezo wa kompyuta uitwao Keep Talking and Nobody Explodes, uliotolewa mwaka 2015 na Steel Crate Games ya Ottawa, Kanada. Mchezaji wa kwanza huliona bomu lakini hana maelezo ya kulitegua. Wa pili ana kijitabu cha maelezo lakini halioni bomu. Kilicho baina yao ni maneno matupu.

Fundi mmoja kijana wa redio, mkazi wa Kongowea, alidhamiria kuuunda mchezo huo kwa mikono, kama walivyokwisha kufanya wapenzi wa umeme wa nchi nyingine. Alitumia Arduino, ubao mdogo wa kompyuta ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Saa ya tarakimu inayohesabu dakika tano kurudi nyuma. Pamoja na swichi na nyaya alizozichomoa katika redio mbovu. Umbo la bomu alilikataa mapema. Katika nchi iliyoyaona ya Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na ya Kikambala tarehe 28 Novemba 2002, kasha lenye nyaya na saa si kitu cha kuchezea karibu na soko. Akalifanya jahazi: muda ukiisha, au wachezaji wakikosea mara tatu, king'ora hulia na jahazi huhesabiwa limezama.

Mwenziwe katika mchezo alikuwa bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alisoma chuo cha Kurani tu, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu. Basi mjukuu alizitafsiri kanuni kwa mdomo, naye bibi akazinakili daftarini kwa hati yake. Mpango huo ulikuwa na faida ambayo hawakuikusudia: mjukuu hakuweza kuchungulia, kwa kuwa hati hiyo hakuijua.

Nyaya hazikuwatatiza. Nyaya zikiwa tatu na hapana nyekundu, huchomolewa ule wa pili. Kanuni ya namna hiyo hupita katika lugha yoyote bila kupungua. Tatizo lilizuka katika sehemu iliyoazima jina la kichekesho cha Abbott na Costello, "Who's on First". Sehemu hiyo hutegemea maneno ya Kiingereza yanayoandikwa mbalimbali na kutamkwa sawa, mathalani "your" na "you're". Kiswahili sanifu, ambacho tahajia yake hufuata sauti, hakitoi mtego wa aina hiyo kwa urahisi. Bibi akapendekeza kaa na kaa, paa na paa, tembo na tembo: kasha limwonyeshe mjukuu mchoro, naye atamke neno moja tu bila kuongeza.

Mjukuu alipinga. Fumbo hilo, alisema, halina ufumbuzi.

"Neno ni lile lile, bibi. Utajuaje nimekusudia lipi?"

"Si lile lile. Wewe nena tu, mwanangu, mimi nitasikia."

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kaa wa pwani. Kijana akatamka, na bibi bila kusita akamsomea kanuni ya kaa la moto. King'ora kikalia. Ukaja mchoro wa paa wa porini; bibi akasoma kanuni ya paa la nyumba. Ukaja wa tembo mwenye mkonga. Bibi akasoma kanuni ya tembo la mnazi. Jahazi likazama.

Yafaa izingatiwe kwamba makosa yote matatu yalielekea upande mmoja. Bibi hakuwa akibahatisha. Katika Kimvita, majina hayo ya wanyama hutamkwa kwa mpumuo mwanzoni, ilhali kaa la moto, paa la nyumba na tembo la mnazi hayana mpumuo. Kwa mujibu wa historia ya lugha, mpumuo huo ni athari ya kiambishi cha nazali kilichotoweka. Kijana, aliyelelewa na tahajia ya shule, hakupumua hata mara moja. Kila mara alisema neno jingine, na bibi alimtii.

Hapa ndipo mchezo unapomgusa mhakiki. Kiingereza huliona kwa jicho jambo ambalo sikio hukosa. Kimvita hulisikia kwa sikio jambo ambalo tahajia sanifu imelifuta. W. E. Taylor, katika mkusanyiko wake wa methali wa mwaka 1891, aliweka alama za kutofautisha sauti hizo, naye alikuwa amefunzwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye kumbukumbu yake ndiyo iliyookoa tungo nyingi za Muyaka bin Haji. Mmoja alikuwa na karatasi, wa pili alikuwa na sikio. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Manufaa yake ni makubwa, lakini msomaji wa leo wa tungo za Kimvita aghalabu analo kasha bila daftari, tena hajui kwamba liko daftari.

Fundi angeweza kuiondoa sehemu hiyo, au kuruhusu maneno mawili badala ya moja. Hakufanya hivyo. Bibi alimwambia aweke kiganja mbele ya kinywa mpaka ahisi pumzi ya kaa wa pwani, kisha aseme kaa la moto na kiganja kisihisi kitu. Waliendelea kucheza jioni baada ya jioni. Kaa alimpata kwanza, kisha paa. Tembo bado humponyoka, na siku hiyo jahazi huzama.