Kupanda na Kupakiwa

Lugha yetu ina adabu zake, na adabu hizo hutuumbua pale tunapozisahau. Twasema mtu hupanda gari, mzigo hupakiwa. Mtu hushuka, mzigo hushushwa. Hakuna atakayesema kwamba bibi harusi amepakiwa garini, wala kwamba gunia la mchele limepanda lori, ila kwa mzaha. Lakini nimewasikia watu waungwana kabisa, watu wa sala na salamu, wakisema juu ya ndugu yao asiyeweza kutembea: "Tumpakie kwanza huyu, kisha tupakie mabegi." Hawakukusudia ubaya. Ulimi ulisema tu kile ambacho mikono ilikuwa ikifanya.

Nimelitafakari jambo hili tangu ukoo wetu ulipokaa kikao, mwaka 2018, kuamua mjomba wangu anunuliwe gari la namna gani. Msomaji aweza kudhani hilo ni suala la fedha na ufundi. Fedha ilihitajika, na ufundi ulihitajika sana. Lakini kila nikikumbuka maneno yaliyosemwa siku ile, naona kwamba tulikuwa tukijadili jambo kubwa zaidi: je, mtu huyu tunampandisha, au tunampakia?

Mjomba ni mtu wa Gerezani. Alianza kazi kama utingo, akawa dereva wa malori ya Mbeya na Songea kwa miaka ishirini, kisha akatulia mjini na kufungua duka dogo la spea. Anayeijua Gerezani anajua kwamba ni mahali ambapo chombo chochote kilichokufa hufufuliwa. Huku wanachomelea, kule wanagonga bati, pale kijana amekaa juu ya lundo la gia za zamani akisubiri mwenye shida. Katika kazi hizo hizo, mwaka 2011, injini iliyokuwa imening'inizwa kwa mnyororo ilianguka ikampiga kiunoni. Madaktari walimrudisha hai, lakini miguu haikurudi. Kabla hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na methali hiyo watu walimpigia hadi akaichoka.

Mengi aliyazoea. Dukani alisukumwa asubuhi na kurudishwa jioni. Hesabu zake zilibaki sawasawa, na wateja walimfuata pale pale alipo. Kilichomshinda ni shughuli za watu. Mjomba katika harusi si mgeni mwalikwa, ana nafasi yake na neno lake. Siku moja tulikwenda kumwoza binti wa ukoo upande wa pili wa jiji. Teksi ilipofika, vijana wawili wakamkamata, mmoja kwapani, mwingine magotini, wakamtoa. Kanzu ikapanda hadi mapajani mbele ya wakwe. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba wote waligeuza macho kwa pamoja. Tangu siku ile akawa ni mtu wa udhuru. Harusi, udhuru. Khitma, udhuru. Hata misiba, ambayo kwetu haina udhuru, alituma rambirambi na kubaki barazani. Mtu asiyekwenda kuzika huanza kuzikwa akiwa hai.

Wapo watakaouliza: je, hapakuwa na usafiri wa umma? Ulikuwapo, na nausifu panapostahili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kituo kikuu kimoja kiliwekwa Gerezani yenyewe. Jukwaa la kituo limeinuliwa likalingana na sakafu ya basi, na mwenye kiti cha magurudumu aweza kuingia bila kunyanyuliwa na mtu, ikiwa basi limesogea vyema na watu hawajajazana mlangoni. Lakini kutoka barazani kwa mjomba hadi kituoni pana mitaro, mchanga, mikokoteni, marobota ya nguo na pikipiki zilizoegeshwa juu ya njia ya miguu. Na msiba hautokei kando ya barabara ya mwendokasi tu.

Ilikuwapo pia bajaji. Watu wenye ulemavu wa miguu wa Dar es Salaam waliigundua faida yake mapema. Mafuta yako mkononi, klachi iko mkononi, gia iko mkononi. Imebaki breki tu mguuni, na fundi mzuri huihamisha. Kwa wengi bajaji imekuwa miguu na ajira kwa pamoja. Ndiyo maana Juni 2017, walipozuiwa kuingia nazo katikati ya jiji, waliandamana, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Wako waliosikitika kwa sababu walioandamana ni walemavu. Mimi niliona kwamba wale hawakuwa wakiomba huruma. Walikuwa wakitetea chombo wanachokipanda wenyewe. Mjomba aliifikiria bajaji, lakini mgongo wake haukustahimili mashimo.

Basi tukakaa kikao. Binamu yangu mmoja, mwenye uwezo kidogo, alitaka gari kubwa la juu, lenye heshima. Gari la namna hiyo lina heshima kwa mwenye miguu. Kiti cha magurudumu cha kawaida, mahali pa kukalia pako kama sentimeta 50 kutoka ardhini. Mtu anayejihamisha kwa nguvu za mikono anahitaji kiti cha gari kinachokaribiana na kimo hicho. Kikiwa juu sana, anapanda mlima. Kikiwa chini sana, anaingia kwa urahisi, lakini kutoka ni kama kutoka kisimani. Gari la fahari lingempa mjomba sifa barabarani na kumrudisha mikononi mwa vijana kila mlango unapofunguliwa.

Wengine, nao walikuwa wengi, walitaka Noah: itengenezwe ubao wa mteremko nyuma, asukumwe na kiti chake hadi ndani, aajiriwe dereva. Shauri hili si baya, na kwa mgonjwa asiyeweza kabisa kujihamisha huenda ndilo la pekee. Lakini lina hesabu zake. Kwenye majengo, mteremko unaofaa ni sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kupanda. Sakafu ya gari ikiwa sentimeta 40 kutoka chini, ubao ungehitaji mita 4 na sentimeta 80, ambazo mtaa wetu hauna. Ukiufupisha kwa nusu, mteremko unakuwa mkali maradufu, na msukumaji lazima awe na kifua. Kisha kichwa: mtu mzima aliyekaa kwenye kiti chake ni mrefu kuliko aliyekaa kwenye kiti cha gari, naye huinamishwa mlangoni kama anayeingia bandani. Magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani, kama yale ambayo Toyota huko Japani huyaita Welcab, yapo ya aina yenye sakafu iliyoshushwa ili kuondoa taabu hiyo. Ya kubuni mtaani hayashushi kitu. Na kiti kikishaingia lazima kifungwe sakafuni pembe zote nne, na abiria naye awe na mkanda wake mwenyewe, kwani mkanda ulioshika kiti haujamshika mtu.

Tulibishana hadi chai ikapoa. Ndipo mama yangu, ambaye ni mdogo wake, akamgeukia. "Kaka, wewe hujasema. Unataka nini?"

Mjomba akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nataka kuendesha."

Barazani pakawa kimya. Tulikuwa tumejadili mlango, ubao, dereva na mshahara wa dereva, na mwenye leseni ya miaka ishirini alikuwa amekaa katikati yetu akitusikiliza. Swali la kwanza katika kuchagua gari la namna hii ndilo hilo: huyu ni dereva au ni abiria? Majibu yake hupeleka njia mbili tofauti. Barabara zetu ni za kushoto kama za Japani, na usukani uko kulia. Magari mengi yaliyobuniwa kwa wepesi wa kuingia yamewekewa mlango wa ajabu upande wa kushoto, wa abiria. Toyota Porte ni mfano: mlango wake mpana wa kuteleza uko kushoto, na dereva ana mlango wa kawaida tu. Ukimnunulia dereva gari la abiria, umemchagulia kiti chake kabla hajasema.

Tulichopata ni Toyota Raum ya toleo lililoanza mwaka 2003, otomatiki, iliyotumika. Kwa macho ni gari dogo lisilo na majivuno. Milango yake ya nyuma huteleza, haifunguki kwa nje, na kwenye mtaa uliojaa mikokoteni hilo ni jambo kubwa. Upande wa kushoto hakuna nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, hivyo siku akichoka na kutaka kuendeshwa anapata nafasi pana ya kuingilia. Upande wa kulia anajihamisha kwa ubao laini wa kutelezea, uliochongwa na seremala wa Keko, kutoka kiti kimoja hadi kingine. Tulipima kwa tepu kabla ya kulipa, na mwenye yadi akatushangaa kwamba hatukuuliza kwanza habari za injini.

Kazi iliyobaki ilifanywa na fundi wa Gerezani, mtu wa maneno machache. Alifunga fito moja kwenye pedeli ya breki na nyingine kwenye pedeli ya mafuta, zikakutana kwenye mkono mmoja chini ya usukani. Ukivuta, gari linakwenda. Ukisukuma mbele, linasimama. Nilimuuliza kwa nini breki iwe ya kusukuma. Akasema: "Gari likigonga, mwili unakwenda mbele. Basi na uende kwenye breki, usiende kwenye mafuta." Alikataa kuchomelea chochote kwenye pedeli ya breki. Kila kiungo alikifunga kwa bolti yenye pini, ili kikaguliwe na kukazwa. Akaweka kirungu kwenye usukani, maana mkono mmoja ndio utakaokata kona, na kizuizi cha bati mbele ya pedeli, kwa sababu miguu isiyo na hisi huweza kuruka yenyewe. Mjomba akaongeza la kwake: bati lile livikwe mpira. Chuma kilichokaa juani humuunguza mtu asiyesikia maumivu, na habari huipata jioni akiona lengelenge. Kwa sababu hiyo hiyo hakai garini bila mto wake mnene, kujikinga na vidonda vya mgandamizo.

Gari likakaguliwa na askari wa usalama barabarani, na kampuni ya bima ikaarifiwa mabadiliko yote. Haya yasiachwe, kwani siku ya ajali ndiyo siku ya kuulizwa. Tena anayeagiza gari kutoka ng'ambo aulizie ushuru kabla meli haijaondoka. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa nafuu kwa gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa matumizi ya mtu mwenye ulemavu. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka wazi kwamba haya ni mambo ya haki, si ya sadaka.

Likabaki suala la kiti cha magurudumu chenyewe. Ni cha chuma, kizito, naye hawezi kukivuta ndani akiwa ameketi. Anahitaji kijana wa kukikunja na kukisukuma nyuma kupitia mlango wa kuteleza. Binamu yangu akasema kwa masikitiko kwamba basi, hata baada ya gharama zote hizi, bado mjomba anamhitaji mtu. Mjomba akacheka, kicheko ambacho hatukukisikia kwa miaka. "Kiti ni mzigo," akasema. "Kipakieni. Mimi nimeshapanda."

Sijui kama yuko mtu asiyemhitaji mwenzake. Sote hubebwa, mwanzo wa maisha na mwisho wake, na katikati twasaidiana. Msaada hauvunji heshima ya mtu. Kinachoivunja ni kuamuliwa mambo yake huku amekaa hapo hapo, akisikia. Kiswahili cha zamani kiliwaita watu hawa kiwete, kipofu, kiziwi, kikawaweka katika ngeli ya viti na vikapu. Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, na mtu akatangulia. Ni hatua njema ya ulimi. Imebaki mikono nayo ijifunze, na kikao cha ukoo, na mwenye yadi ya magari.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, yakikufika, pima kimo cha kiti, pima mlango, pima mtaa wako na mfuko wako. Lakini kabla ya kuchukua tepu, muulize mwenyewe anataka kukaa wapi katika gari hilo, kisha ungojee jibu.